Folda ya NFS imegoma? Anza na dalili unayoiona, kuriboti iwe ya mwisho

Wakuu, haya ni matatizo ya NFS (njia ya kutumia folda iliyo kwenye seva kupitia mtandao) upande wa klaienti, yaani mashine inayoitumia hiyo folda, yaleyale yanayonipigisha simu kila wiki, nimeyapanga kwa dalili maana mtu akikwama hajui chanzo, anajua tu anachokiona kwenye skrini. Naongelea Linux, yaani Ubuntu na Debian pamoja na ukoo wa Red Hat, ukiwa na FreeBSD au Mac mawazo ni haya haya ila amri zinapishana kidogo. Kwenye mifano yote seva ni 192.168.10.5, folda inayogawiwa ni /data/pamoja na kwa klaienti inakaa /mnt/pamoja, wewe weka zako.

Kabla hujagusa chochote fanya vitu vitatu. Piga ping kwenda seva. Halafu jaribu poti yenyewe, `nc -zv 192.168.10.5 2049`, maana seva kujibu ping haina maana kwamba NFS iko hai. Halafu soma `dmesg -T | tail -30`, ujumbe wa karibuni wa keneli, yaani kiini cha Linux. Na muulize aliyekupigia swali moja tu: imegoma kwako peke yako au kwa wote? Kama ni kwa wote achana kabisa na mashine ya huyu mmoja, tatizo liko kwenye seva au kwenye swichi. Nimeshamkuta kijana kaformati laptop ya mhasibu kumbe fundi wa AC alichomoa waya wa seva apate soketi ya drili yake.

Dalili: mount (amri ya kuunganisha folda ya seva kwenye mashine yako, ndo kumaunti) inakataa papo hapo, inasema "wrong fs type, bad option, bad superblock"

Watu wakiona neno superblock wanaanza kutetemeka wakidhani diski imekufa. Hakuna diski iliyokufa. Karibu mara zote ni pakeji ya klaienti haipo kwenye mashine, hasa ukishainstoli Linux upya. Kagua `ls /sbin/mount.nfs`, kama haipo basi Ubuntu na Debian ni `apt install nfs-common`, kwa Rocky, Fedora na wenzake ni `dnf install nfs-utils`, rudia kumaunti, imeisha hiyo.

Kama pakeji ipo, angalia herufi ulizoandika. Kosa ninalokutana nalo sana ni nafasi baada ya koma kwenye /etc/fstab (faili la orodha ya vitu vya kumaunti), mtu anaandika `rw, hard` badala ya `rw,hard`, kwa hiyo mstari mzima unasomeka kombo. Sababu ya mwisho ni toleo: ukiona "Protocol not supported" ujue seva na wewe hamjakubaliana toleo la NFS, jaribu kwa mkono `-o vers=4.2`, ikikataa `vers=4.1`, ikikataa `vers=3`. Na kama umekopi mstari wa zamani wenye `proto=udp` ufute tu, keneli za miaka hii zinakuja UDP ya NFS ikiwa imefungwa.

Dalili: "Connection refused", "Connection timed out" au "No route to host"

Haya matatu watu wanayachanganya lakini kila moja lina hadithi yake. Refused maana yake seva imekusikia vizuri kabisa ikakwambia hapa hakuna mtu, yaani mashine iko juu ila huduma ya NFS haijawaka, mpigie mwenye seva aangalie `systemctl status nfs-server`. Timed out ni ukimya, pakiti zinaenda hazirudi, mara nyingi faiwoli imezimeza au IP uliyoandika sio. Na hii "No route to host" inadanganya wengi, wanakimbilia rauta, kumbe faiwoli aina ya firewalld ikikukatalia inarudisha ujumbe ambao Linux inautafsiri hivyo hivyo. Ping ikijibu halafu mount ikasema hakuna njia, ni faiwoli hiyo usihangaike.

Hapa ndo toleo linapoleta shida. NFS toleo la 3 haitumii poti moja, inataka 111 ya rpcbind (anayetaja poti za wengine), 2049 yenyewe, na wale wasaidizi wake mountd, statd na lockd ambao usipowafunga kwenye namba maalum wanahamahama kila seva ikiwaka, ndo maana mtu anakwambia jana ilikuwa inafanya kazi. Toleo la 4 linapita 2049 ya TCP tu. Ushauri wangu kama huna sababu ya kubaki na la 3, hamia 4.2, fungua poti moja, ulale. Ila ukihamia usishangae `showmount -e` ikianza kukataa, ile amri inamuuliza mountd wa zamani, na seva ya toleo la 4 peke yake inaweza isiijibu kabisa huku folda zinamaunti vizuri.

Simama hapa: faiwoli ya ofisi kama sio yako usiizime "kwa kujaribu dakika moja". Na 2049 usiifungue kwenye intaneti hata kwa siku moja, NFS ya kawaida inamwamini klaienti akisema yeye ni yuza namba 1000, haimuulizi paswedi. Mtu yuko tawi lingine? Mpitishe kwenye VPN, WireGuard inatosha.

Dalili: "access denied by server while mounting"

Sababu namba moja, IP yako imebadilika. DHCP (inayogawa IP kwa mashine) imekupa nyingine, na seva kwenye /etc/exports (orodha ya folda na nani anaruhusiwa) inaijua ile ya zamani. Angalia `ip -br a`, linganisha na mwenye seva, mwombe akufungie IP yako kwenye DHCP ili wiki ijayo msirudi hapa. Kama exports imeandikwa kwa jina la mashine badala ya IP, basi DNS (kitabu cha majina cha mtandao) lazima iliunganishe jina hilo na IP yako, isipoweza unakataliwa ingawa jina limeandikwa sahihi.

Sababu ya pili, mwenye seva kaongeza mstari akasahau `exportfs -ra`, inayoifanya seva isome orodha upya. Hii ni ya kila siku.

Ya tatu ni ile nafasi ya kijinga kwenye exports, naiandika hapa maana imeumiza wengi:

`/data/pamoja 192.168.10.0/24 (rw)`

Inaonekana sawa eti? Ile nafasi kabla ya mabano inaivunja maana: mtandao wako unapata opsheni za kawaida, yaani kusoma tu, na dunia nzima inapata kuandika. Lazima `192.168.10.0/24(rw)` vishikane. Kwa hiyo ukiona "mimi siwezi kuandika lakini mgeni wa mtandao mwingine anaweza", umeshampata mwizi.

Ya nne inawapata wenye mashine pepe ndani ya VirtualBox kwa mtindo wa NAT (zinatoka kwa kutumia IP ya mashine mama), na wenye Mac. Seva kwa kawaida inataka ombi litoke kwenye poti iliyo chini ya 1024, NAT inaibadilisha inakuwa kubwa, unakataliwa. Badili mashine pepe iwe bridged (iwe na IP yake kwenye mtandao), kwenye Mac ongeza `-o resvport`. Kuna opsheni ya `insecure` upande wa seva nayo inatibu ila anza na hizo kwanza.

Ikisema "reason given by server: No such file or directory" hilo sio la ruhusa, ni njia. Kwenye toleo la 4 seva inaweza kuwa na mzizi wake, folda iliyowekewa `fsid=0`, kwa hiyo kile unachokiita /data/pamoja yeye kwake ni /pamoja. Usibahatishe, maunti mzizi uangalie kwa macho: `mount -t nfs4 192.168.10.5:/ /mnt/jaribio` halafu `ls`.

Dalili: imemaunti vizuri ila kuandika ni "Permission denied", au mafaili yote ni ya nobody

NFS ya kawaida haipeleki jina lako, inapeleka namba. Wewe kwenye laptop yako ni Asha namba 1000, kwenye seva namba 1000 ni Juma, basi kwa seva wewe ni Juma, utafungua ya Juma na ya kwako utanyimwa. Piga `id` pande zote mbili ulinganishe. Dawa ya kweli ni namba zifanane, kwa mashine tatu nne badilisha kwa mkono, zikiwa nyingi weka LDAP au FreeIPA, yaani orodha moja ya yuza kwa mashine zote. Dawa ya uongo ni `chmod 777`, ambayo mwezi ujao itakuletea kesi ya nani kafuta ripoti.

Root kukataliwa ni kawaida sio kosa, inaitwa root_squash, seva inamgeuza root wa klaienti kuwa nobody ili mtu mwenye sudo kwenye laptop asiwe mfalme wa seva. Ukiambiwa uweke `no_root_squash` ili "iende", kataa.

Mafaili kuonekana ya nobody huku namba ziko sawa, hapo mara nyingi unaongea na NAS (boksi la kuhifadhia mafaili mtandaoni) au Unix ya aina nyingine kwenye toleo la 4 inayotuma majina badala ya namba. Fungua /etc/idmapd.conf, mstari wa Domain ufanane na wa seva, kisha safisha kumbukumbu kwa `nfsidmap -c`. 

Alafu kuna hii imenitesa siku mbili nzima: yuza mmoja tu ananyimwa, wenzake wa kundi hilo hilo wanaingia. Kumbe yuko kwenye magrupu zaidi ya 16. Ule utambulisho wa kawaida wa NFS unabeba magrupu 16 tu, ya ziada yanaachwa njiani kimya kimya bila ujumbe wowote. Hesabu kwa `id -G jina | wc -w`. Mpunguzie magrupu, au mwenye seva awashe `manage-gids` kwenye mountd ili seva itafute magrupu yenyewe.

Dalili: terminali inaganda, ls haijibu, df haijibu, Ctrl+C haisaidii

Hii ndo wanaichukia wote na ndo wanaikosea wote, kwa hiyo tukae nayo. Kwenye dmesg utaona "nfs: server 192.168.10.5 not responding, still trying". Soma maneno hayo polepole, klaienti yako haijafa, inangoja. Opsheni ya kawaida ni `hard`, yaani seva ikipotea klaienti itaendelea kuomba mpaka seva irudi, iwe dakika tano au iwe Jumatatu. Inakera lakini ndo kazi yake, inalinda data ya mtu aliyekuwa katikati ya kusevu.

Sasa huko mtandaoni utashauriwa uweke `soft`. Na kweli kuganda kutapungua, klaienti itajaribu mara chache halafu inairudishia programu kosa la Input/output. Shida ni kwamba programu nyingi hazina adabu ya kusikiliza kosa hilo, zinaendelea kana kwamba zimesevu, unabaki na faili nusu. Ofisi moja niliyowasaidia waliweka soft kwenye mashine zote, umeme ulipokuwa unakatika swichi ilizima sekunde kadhaa, na kila mara kuna faili la hesabu lilikuwa linabaki limekatika mkia, ilichukua miezi kujua. Soft iache kwa folda za kusoma tu. Basi.

Wakati imeganda usiiguse folda, hata kubonyeza Tab kukamilisha njia kunaweza kuigandisha na terminali mpya. Tumia `findmnt -t nfs,nfs4` inasoma orodha tu haiendi kwa seva, na `df -l` badala ya df. Kuona nani kakwama:

`ps -eo pid,stat,wchan:30,cmd | awk '$2 ~ /^D/'`

Kisha chunguza kwa mpangilio huu. Seva iko juu? Kebo na taa za swichi? Halafu IP ya seva isiwe imechukuliwa na kifaa kingine, mfano kamera au printa iliyopewa IP ileile: `arping -I eth0 192.168.10.5`, zikijibu MAC (namba za kadi za mtandao) mbili tofauti umepata jibu. Na kama folda ndogo inafunguka ila folda kubwa inaganda, hiyo ni alama ya MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), kuna mtu kaweka pakiti kubwa za 9000 kwenye seva halafu swichi ya katikati haizijui. Pima `ping -M do -s 8972 192.168.10.5`, ikigoma na `-s 1472` ikipita, rudisheni wote 1500.

Seva ikirudi utaona "server OK" na kila kitu kitaendelea chenyewe kilipoishia, bila kuriboti. Ikiwa haitarudi leo, `umount -f /mnt/pamoja`, ikikataa `umount -l`. Ujue tu hii ya -l inaficha folda isionekane, waliokwama ndani bado wamekwama mpaka uwaue kwa `kill -9`, ambayo kwenye keneli za sasa inafanya kazi kwa kawaida hata kama Ctrl+C haikufanya. Simama: kama kuna mtu ana kazi ambayo haijasevika usipige -f kabla ya kuongea naye, kile ambacho hakijafika seva kinapotea. Na kama logi ya seva ina makosa ya diski, acha kuriboti kila baada ya dakika kumi, ita mtu wa data kabla diski haijamalizika.

Dalili: "Stale file handle"

Klaienti imeshika tikiti ya folda ambayo seva haiitambui tena. Kwanza toka nje ya folda uingie tena, `cd` kisha rudi, huenda mtu kaifuta akaiunda upya kwa jina lile lile nawe umesimama kwenye ile ya zamani. Ikiendelea, itoe kwa umount na uimaunti upya. Ikiwa wote wameipata kwa pamoja, muulize mwenye seva kama amerudisha bakapu, amebadilisha diski, au imewaka na diski ya data haijapanda.

Hilo la mwisho liogopeni. Seva imewaka baada ya umeme, diski ya data haijamaunti, seva inagawa folda tupu iliyoko chini yake, watu wanaanza kusevu humo, wanajaza diski ya mfumo, na siku diski halisi ikipanda kazi ya siku nzima "inapotea", kumbe iko chini ya zulia. Mkiona folda iliyokuwa imejaa imekuwa tupu ghafla, wote acheni kusevu hapo hapo. Upande wa seva opsheni ya `mountpoint` kwenye exports inazuia kugawa kama diski haijapanda.

Dalili: umeme ukirudi mashine haimalizi kuwaka, au inawaka bila folda

Klaienti zinawaka haraka kuliko seva, ndo tatizo zima. Mstari wangu wa fstab ni huu:

`192.168.10.5:/data/pamoja /mnt/pamoja nfs4 rw,hard,_netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30 0 0`

Hapo folda inamauntiwa mtu anapoigusa, sio wakati wa kuwaka. Ukishahariri piga `systemctl daemon-reload` kisha `systemctl restart remote-fs.target`. Na kwa wale ambao hawatumii automount, kabla ya kumaunti piga `chattr +i /mnt/pamoja`, siku NFS isipopanda hakuna atakayesevu kwa bahati mbaya kwenye diski ya laptop yake.

Mengine ya haraka haraka

Polepole kupita kiasi: angalia `ethtool eth0 | grep Speed` kwanza, ikisema 100Mb/s kwenye swichi ya gigabiti ni kebo mbovu, na hapo hutapata zaidi ya megabaiti 11 au 12 kwa sekunde ufanye utakavyo. Kisha `nfsstat -rc`, namba ya retrans (maombi yaliyorudiwa) ikipanda unapoangalia ni mtandao unaopoteza pakiti. Mtandao ukiwa safi na keneli ni 5.3 kwenda mbele jaribu `nconnect=4`, yaani miunganisho minne kwenda seva badala ya mmoja.

Faili jipya mwenzako halioni: ngoja. Klaienti inakumbuka sifa za faili sekunde 3 mpaka 60, folda 30 mpaka 60. Usiweke `noac` (inayozima kumbukumbu hiyo) kwa hasira, utaua kasi.

Mafaili ya .nfs0000 na herufi nyingi: usifute, kuna programu bado imeshika faili lililofutwa, tafuta kwa `lsof`, ukiifunga yanaondoka yenyewe.

"No locks available" kwenye toleo la 3: statd haijawaka, `systemctl start rpc-statd`. Opsheni ya `nolock` inaondoa ujumbe lakini mashine mbili zikiandika faili moja kila moja itadhani iko peke yake.

Mashine pepe mlizozikloni zinagandishana kwa zamu bila sababu: angalia `hostname`, zikiwa na jina moja, kwenye toleo la 4 seva inaweza kuziona ni klaienti mmoja anayejirudia, kila moja inamfukuza mwenzake. Zipe majina tofauti, riboti. Hapa ndo naruhusu kuriboti.

Database kukaa juu ya NFS na imeanza kulalamika, au Kerberos (mfumo wa kuthibitisha yuza kwa tiketi) imeingia kwenye maongezi, usijaribu opsheni za kubahatisha, ita mtaalamu. Ila usimpigie ukasema "haifanyi kazi", mtumie hivi vyote kwa pamoja: `uname -r`, `nfsstat -m`, `findmnt -t nfs,nfs4`, mistari 50 ya mwisho ya dmesg, jibu la `mount -v` kama kumaunti ndo kunakataa, na saa kamili ilipoanza.